Mafuta Yapo, Beringi Zimeungua

Mafuta yalikuwapo. Inspekta Amoni Siwale aliinama tena juu ya tangi, akatumbukiza kijiti, akakitoa kikiwa kimelowa hadi karibu na vidole vyake. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile kuipanda ngazi ya chuma, na kila alipopanda alitumaini kukuta jambo ambalo hakulikuta mwanzo. Tangi lilikuwa limejaa. Chini, bomba jembamba lilikuwa likidondosha mafuta kwenye sinia bila kusita. Mtambo haukuwa na neno, ila beringi mbili za kinu zilikuwa zimeungua zikawa nyeusi, na kwa ajili ya beringi hizo mtu alikuwa mahabusu Vwawa.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kukamua alizeti, kando ya barabara kuu, si mbali na Nanyala. Kinu kililetwa kutoka ng'ambo, kikubwa, chenye shafti nene inayozunguka ndani ya beringi zinazotaka mafuta muda wote. Kazi ya kuzilisha beringi hizo ilipewa mtambo msaidizi uliokuwa pembeni yake: tangi la chuma lililowekwa juu ya fremu ndefu, valvu moja, chujio, kioo kidogo cha kuonea matone yanavyoshuka, na bomba lake. Mafuta yaliyokwisha kutumika yaliangukia kwenye sinia, yakachujwa, yakarudishwa juu kesho yake asubuhi. Mtambo huo uliundwa katika karakana moja ya Ndola. Mhandisi Enoka Mbonile ndiye aliyetumwa kwenda kuusimamia ukiundwa, kuujaribu, na kusema unafaa.

Siku ya ufunguzi, mgeni rasmi alikata utepe, kinu kikawashwa, na hotuba haijafika katikati, kikapiga kelele ya chuma kwa chuma, moshi ukatanda, kikasimama. Siku iliyofuata wakaweka beringi ya akiba, wakajaza tangi hadi mdomoni ili kuondoa wasiwasi, wakawasha tena. Hiyo ya pili iliungua mapema kuliko ya kwanza. Mtaalamu aliyeitwa kutoka Mbeya alipanda, akafungua kifuniko, akaona mafuta, akaona yanatoka vizuri, akashuka na kusema mtambo ni mzima. Basi kama mtambo ni mzima, mbovu ni mtu. Mwaka ule wa themanini na tatu neno hujuma lilipatikana kwa urahisi kuliko chumvi, na Meneja Danford Mwampashi alilitumia kwenye simu bila kulionea uchungu.

"Umeridhika sasa, Ndugu Inspekta?" Meneja aliuliza kutoka chini. Alikuwa mtu mnene wa suti ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni.

"Nimechanganyikiwa," Amoni alisema akishuka. Hakuwa mtu wa kuficha hali yake. "Nani alikuwa zamu siku zote mbili?"

"Osward Simkoko. Yule pale."

Osward alikuwa fundi wa makamo, mwembamba, aliyekuwa akifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alisogea taratibu.

"Siku ya pili ulikuwa wapi?" Amoni alimwuliza.

"Hapa hapa, afande. Nilikaa kwenye ndoo, macho kwenye kioo. Nilisema leo sibanduki."

"Nani aligusa valvu?"

"Hakuna. Labda kama ana mikono ya mita tatu."

"Ukaona nini?"

Osward alimtazama Meneja kwanza, kisha akaitazama sakafu. "Matone yalikuwa yanakuja vizuri. Halafu yakawa yanachelewa. Halafu yakakata. Nikapanda ngazi mbio, nikalegeza kifuniko, nikakuta tangi limejaa. Nikashuka, nikakuta matone yanakuja. Lakini beringi ilishaungua."

"Yaani ukipanda yanatoka, ukishuka yanakata."

"Ndiyo hivyo, tata, baba yangu. Kama yananifanyia utani. Wengine wanasema hapa palikuwa na makaburi ya zamani, lakini mimi sisemi."

"Husemi, ila umeshasema," Meneja alimkatiza. "Inspekta, huyu anatafuta pa kujificha. Nenda kamwulize rafiki yake Enoka kwa nini karakana ya Ndola walitengeneza vifuniko viwili, na kile cha kwanza akakikataa. Mwulize na yule mchukuzi wa Tunduma, Othmani, aliyeleta mtambo na mapipa ya mafuta kwa lori lake. Amekamatwa juzi na mafuta ya kupikia ya magendo. Mtu wa namna hiyo atashindwaje kuchanganya? Mafuta ya kupikia kwenye beringi, unajua mwenyewe. Na mwulize Enoka kwa nini wiki ya ufunguzi hakuwapo. Wiki nzima kiwanda kinajiandaa, watu wanafyeka, wanafagia, wanapaka rangi, hata mimi meneja nimevua koti nikashika brashi na kuupaka mtambo huu kwa mkono wangu, yeye yuko Itumba eti msibani."

Alilipiga tangi kofi ubavuni kwa upendo. Liling'aa, kijani kibichi kuanzia miguuni hadi kileleni, halina hata doa. Kiwanda kizima hakikuwa na kitu kizuri kama kile.

"Mgeni rasmi mwenyewe aliusifu," Meneja aliongeza.

"Kabla haujaunguza au baadaye?" Amoni aliuliza.

Amoni alichota mafuta kidogo kutoka kwenye sinia, akayatia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa, akaifunga. Kesho asubuhi gari lingefika Vwawa kumchukua Enoka Mbonile na kumpeleka kunakosikilizwa kesi za wahujumu, ambako dhamana haikuwapo na wakili hakuruhusiwa. Faili lilitakiwa liwe limekamilika. Kwa sasa lilikuwa na mashahidi watatu wanaokubaliana kwamba mafuta yalikuwapo na beringi ziliungua, mambo mawili ambayo hayakutaka kukaa nyumba moja.

Nje ya kituo cha polisi Vwawa alikaa mwanamke mwenye kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Alipomwona Amoni anashuka kwenye Land Rover, aliinuka na kukunja magoti kidogo.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Elina, mke wa Enoka. Wanasema ni kesho?"

"Marahaba, mama. Ni kesho."

"Chakula wanakipokea, lakini kinarudi kama kilivyo. Mwambie ale. Mwambie hata akifika huko aendako, afike akiwa amekula."

Amoni alisema atamwambia. Alimhurumia, na kwa kuwa huruma ilimkera akiwa kazini, aliingia ndani akiwa amekunja uso.

Enoka Mbonile alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushee, ndevu zimeanza kumwota, shati lake bado la msibani. Alikaa kwenye benchi mkabala na Inspekta. Konstebo Hamis, dereva wa Amoni ambaye pia ndiye aliyekuwa msaidizi wake, alisimama mlangoni.

"Mkeo anasema ule," Amoni alianza.

"Nitakula nikijua nimefanya nini."

"Karakana ya Ndola walitengeneza vifuniko viwili. Cha kwanza ulikikataa. Kwa nini?"

"Kilikuwa kinavuja."

"Mafuta?"

"Hewa. Vumbi." Enoka alinyoosha mikono kuonyesha upana wa tangi. "Alizeti ina maganda, afande. Kinu kikianza, ndani ya jengo hilo vumbi linaruka kama kwenye kupepeta. Likiingia kwenye mafuta, linakuwa msasa, linatafuna beringi. Nikawaambia wawashe taa ndani ya tangi, wafunge, tuzime taa za karakana. Mwanga ukaonekana ukingoni. Nikasema kifuniko hiki hapana. Msimamizi wao alikasirika, aliniambia hata wazungu wa migodini hawamsumbui namna hiyo. Nikamwambia basi wao wana beringi nyingi. Sisi tuna tatu."

"Imebaki moja."

Enoka alifumba macho kidogo. "Cha pili kilikuwa kizuri. Tulikifunga na gasketi mpya ya kuziba ukingo, tukatia mafuta, tukauacha mtambo ukidondosha kutwa nzima. Haukusimama. Kila tundu la mtambo ule nimelipitisha waya kwa mkono wangu. Ndipo nikaridhika."

"Walikupa nini ili uridhike?"

"Chai bila sukari. Huko nako sukari hakuna."

Hamis alicheka mlangoni, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Wiki ya ufunguzi uliondoka."

"Baba mdogo alifariki, Itumba. Meneja mwenyewe alinipa ruhusa. Nilitaka kurudi mapema, mvua ikakata barabara kule milimani, mabasi yakakaa. Niliporudi nilikamatiwa getini. Sikuingia hata ndani." Aliinama mbele. "Afande, mtu hajaniambia chochote. Beringi iliungua mafuta yakiwapo kwenye tangi, au yalikuwa yamekwisha?"

Amoni alikuwa amefundishwa upelelezi Moshi na wakufunzi wakali, na sheria ya kwanza waliyomtia kichwani ni kwamba mshukiwa haulizi, anaulizwa. Ukimwambia unachokijua, atakurudishia hichohicho kimevaa nguo nyingine.

"Maswali nauliza mimi," alisema.

Enoka aliinamisha kichwa. Baadaye sana Amoni angekumbuka kichwa hicho kilivyoinama na kujiona mpumbavu, kwa sababu angelijibu lile swali moja, safari ya Tunduma isingekuwapo na petroli ya serikali ingebaki kwenye tangi. Lakini siku hiyo aliona amefanya kazi yake sawasawa.

"Jambo la mwisho," alisema akiinuka. "Ule mtambo wenu wa kijani, funguo za kufungulia kifuniko anazo nani?"

"Hauna funguo, ni boliti tu. Wa kijani?" Enoka aliinua uso. "Mimi niliuleta wa kijivu."

"Umepakwa rangi. Mgeni alikuwa anakuja." Amoni alishaufikia mlango. Rangi ni rangi, alijiambia, na mtu anayesubiri gari la kesho ana mambo makubwa zaidi ya kuulizia.

Njiani kwenda Tunduma alijaribu kuyapanga. Enoka amekula rushwa: basi kwa nini akatae kifuniko na kugombana na waliompa? Osward amefunga valvu: basi kwa nini ajisingizie kwamba alikuwa hapo wakati matone yanakata? Angesema alikwenda msalani, mambo yangekwisha. Mafuta yamechanganywa: haya angalau yangeelezeka, kwa kuwa mafuta mabaya yanaweza kuwapo tele na beringi ikaungua vilevile. Aliipapasa ile chupa ya dawa mfukoni na kuitumainia.

"Afande," Hamis alisema, macho barabarani, "mimi naona huyu mhandisi hana kosa."

"Umeonaje?"

"Kasema chai bila sukari. Mwongo angesema na sukari."

"Endesha gari, Hamis."

Kituo cha Tunduma kilikuwa kimejaa mali hadi korido: vitenge, sabuni za mche, betri, matairi, vyote vimetoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, bila kuaga. Katika chumba cha nyuma yalipangwa madebe ya mafuta ya kupikia, na mwenye madebe alikuwa ameketi juu ya mojawapo, pingu mkononi, kofia ya kiua kichwani. Othmani alikuwa mzaliwa wa Kondoa aliyekaa mpakani miaka mingi mpaka akajua Kibemba cha sokoni na bei ya kila kitu.

"Haya madebe, Inspekta, si ya magendo," alisema kabla hajaulizwa. "Ni ya harusi ya binti yangu."

"Madebe yote haya?"

"Wallahi tena. Tuna ndugu wengi."

"Sijaja kwa hayo. Ulibeba mtambo wa kiwanda cha alizeti, na mapipa ya mafuta ya mashine. Nataka kujua kama uliyachanganya."

Othmani alimtazama kwa mshangao wa kweli, na kwa dharau kidogo. "Nichanganye? Pipa la mafuta ya mashine limefungwa kwa lakiri, na ukilifungua bei inashuka. Debe la mafuta ya kula siku hizi, hapa Tunduma, lina thamani kuliko hilo pipa. Nani anatia asali kwenye maji ya kunawa?"

Ilikuwa hoja nzuri kuliko zote Amoni alizosikia siku hiyo, na ilimuudhi kwa kuwa ilitoka kwa mlanguzi. Hata hivyo utaratibu ni utaratibu. Alimwagiza Hamis afungue debe moja, achukue kiasi kidogo kwenye kikombe, walinganishe na yale ya kwenye chupa, kwa macho, kwa harufu na kwa vidole.

Hamis alichukua msumari na jiwe, akatoboa debe kwenye kona ya juu, akaliinamisha juu ya kikombe. Mafuta yalitoka vizuri, yakawa membamba, yakadondoka mara chache, yakakata. Hamis alilitikisa. Yakatoka tone, yakakata tena.

"Limeganda," Hamis alisema.

"Mafuta ya alizeti yagande na joto hili?" Othmani aliguna. "Toboa na kona ya pili, mwanangu. Moja yatoke mafuta, moja uingie upepo. Ukilinyima debe pumzi, nalo linakunyima mafuta. Umelelewa na nani wewe?"

Hamis alitoboa kona ya pili. Mafuta yakashuka mfululizo, yakajaza kikombe, yakamwagikia viatu vyake.

Amoni alisogea, akachutama mbele ya debe, akaweka kidole juu ya lile tundu la pili. Mafuta yakapungua, yakadondoka, yakakata. Akaondoa kidole. Yakatoka. Akarudia mpaka Othmani akaanza kulalamika kwamba mafuta ya harusi yanaishia sakafuni.

"Othmani," Amoni alisema, bado amechutama. "Ulipoubeba ule mtambo, ulikuwa rangi gani?"

"Kijivu."

"Juu kabisa, kwenye kifuniko, kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na kauyoga ka chuma, kadogo hivi," alionyesha kwa vidole, mikono ikiwa kwenye pingu, "kana vitundu chini ya kofia yake. Mhandisi alikafunga kitambaa kwa ajili ya vumbi la njiani, na utingo wangu alipotaka kukakanyaga ili akaze kamba, alimfokea mpaka kijana akataka kuacha kazi. Alisema hiyo ndiyo pua ya mtambo. Tulipofika akakafungua kitambaa mwenyewe, akakapuliza, ndipo akaniruhusu kuondoka."

Amoni aliinuka. Asubuhi ile alikishika kitu hicho mara tatu. Alikishika kama mpini, ili afungue kifuniko.

"Na harusi ya binti yangu?" Othmani aliuliza walipokuwa wakitoka.

"Hamis, mwachie kikombe," Amoni alisema.

Walifika kiwandani jua likiwa bado liko juu ya vilima. Amoni aliomba kila aliyeshiriki maandalizi ya ufunguzi aje. Wakaja wengi, wakapanga mstari kuzunguka kinu kilichokufa, Osward mbele na ndoo yake, Meneja amesimama kando ya mtambo wake wa kijani kama mwenye ng'ombe mnadani.

"Kinu hakitawashwa," Amoni aliwaambia. "Tunajaribu mtambo tu. Osward, jaza tangi hadi mdomoni kama mlivyofanya ile siku ya pili. Funga kifuniko, kaza boliti zote. Halafu fungua valvu, ukae mahali pako."

Osward alifanya hivyo. Matone yakaanza kushuka ndani ya kioo, yakaangukia kwenye sinia. Hakukuwa na kitu cha kutazama ila matone, na wote waliyatazama kwa namna ambayo watu hawatazami hotuba.

"Yanatoka vizuri," Meneja alisema. "Kama nilivyokwambia."

"Tusubiri."

Walisubiri. Mtu mmoja alipiga chafya na watu wakamgeukia. Osward, macho kwenye kioo, akanyanyua kidole.

"Yanachelewa," alisema kwa sauti ya chini.

Yalichelewa kweli. Tone lilijikusanya, likafikiri, likaanguka. La pili likachukua muda zaidi. La tatu lilijaa mdomoni mwa bomba na kubaki hapo, limening'inia, halitaki kuja.

"Ndugu Meneja, gusa valvu. Imefungwa au iko wazi?"

Meneja aligusa. "Iko wazi," alisema. "Kuna mtu..."

"Mtu huyo yuko wapi?"

Meneja aliangaza huku na huku. Wote walikuwa wamesimama mbali, mikono nyuma.

Amoni alipanda ngazi. Safari hii hakukishika kile kiuyoga. Alikiinamia akakitazama kwa karibu, kisha akatoa kisu mfukoni na kuchokoa chini ya kofia yake. Rangi ya kijani ilikuwa imeingia kwenye kila kitundu, imekauka, imekuwa ngumu, imepakwa tena juu yake, na tena, kwa mkono wa mtu asiyetaka kuacha kasoro. Kitundu cha kwanza kilipozibuka kililia, mluzi mwembamba wa hewa inayoingia, mrefu, ambao kila mtu chini aliusikia.

"Yamekuja," Osward alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Afande, yamekuja. Sikusema? Sikusema mimi?"

"Ulisema. Nami sikukuelewa." Amoni alishuka na ganda la rangi kwenye ncha ya kisu. Aliwaeleza kwa ufupi, kwa habari ya debe na tundu la pili, na aliona uelewa ukipita kwenye nyuso zao mmoja baada ya mwingine, kwani hapakuwa na mtu pale ambaye hakuwahi kutoboa debe. Mafuta yanayotoka lazima yapishane na hewa inayoingia. Enoka alikuwa amekataa kifuniko kinachovuja ili vumbi lisipite, basi hewa ilibakiwa na njia moja tu, nayo ilipakwa rangi. Kila aliyepanda kuchungulia alifungua kifuniko, akaliruhusu tangi kupumua, akashuka akisema mtambo ni mzima. Na walipojaza mafuta hadi mdomoni ili wawe salama, hawakuacha hata ile hewa kidogo iliyokuwa ndani, ndiyo maana beringi ya pili iliwahi kufa.

"Nani alipaka hapa?" Amoni aliuliza.

Wote walijua. Wanawake wa usafi walitazama kanga zao. Osward, aliyekuwa na haki kuliko wote ya kutaja, alikuna shingo.

"Tulipaka wote, afande," alisema hatimaye. "Ilikuwa kazi ya kujitolea. Kila mtu na brashi yake."

"Wote," wengine waliitikia.

Wangeendelea kusema hivyo hata mahakamani, Amoni alilijua hilo. Wangemfunika mtu ambaye hakuwafunika. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Mgeni alikuja, na mwenyeji mwenye bidii kuliko wote alipanda ngazi na kopo la rangi, akaipaka mashine vizuri mpaka akaiziba pua. Hapakuwa na rushwa hapo, wala hujuma, wala makaburi. Palikuwa na heshima tu, imepakwa mara tatu.

Alimgeukia Meneja. Danford Mwampashi alikuwa amelitazama lile ganda la kijani muda wote, na jasho lilikuwa limemtoka kwenye mdomo wa juu.

"Simu yako inafanya kazi?" Amoni alimwuliza.

"Inafanya."

Ofisi ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kinu, madirisha yake wazi kwa ajili ya joto. Meneja alizungusha mkono wa simu, akaomba Vwawa, polisi. Aliziba mdomo wa simu kwa kiganja.

"Niseme nini, Inspekta?" aliuliza, na kilichokuwa machoni mwake kilikuwa woga mtupu. "Nikisema, kesho gari litanichukua mimi. Nina watoto."

"Enoka naye anao. Siku ile ulisema hujuma, ukataja jina. Leo rudia yaleyale, badilisha jina. Au kama unaona neno lile halikufai wewe, basi ujue halikumfaa na yeye, uwaambie lilivyokuwa. Faili nitaliandika kufuata utakavyosema."

Meneja aliondoa kiganja. Alizungumza kwa sauti ndogo, mgongo kwa dirisha, akikwaruza meza kwa ukucha ambao bado ulikuwa na kijani pembeni. Alisema mhandisi Mbonile aachiwe. Alisema hapakuwa na hujuma, ni rangi iliziba. Kisha alisikiliza.

"Wanauliza ni nani," alimwambia Amoni.

Amoni alikuwa anatazama nje. Wafanyakazi walikuwa hawajatawanyika.

"Ni mimi," Meneja aliiambia simu. "Nimepaka mimi."

Laini ya Vwawa ilikuwa mbovu kama kawaida yake. Upande wa pili walimwambia apaze sauti, hawasikii. Alirudia. Wakamwambia apaze tena. Basi Danford Mwampashi alisimama, akaushika mkonga wa simu kwa mikono miwili, akavuta pumzi, na kulisema tena kwa sauti iliyofika getini, na kule kwenye kinu Osward akainamisha kichwa na kujifanya anahesabu matone.